Hatari ya ajali barabarani si idadi ya ajali

Kila linapotokea janga barabarani hutolewa orodha ya "sehemu hatari", na aghalabu orodha hiyo hupangwa kwa idadi ya ajali peke yake. Hatari ya ajali ni uwezekano wa mtu au chombo kupata ajali kinapopita kipande fulani cha barabara. Idadi ni hesabu ya yaliyokwisha kutokea.

Tuseme kipande cha kilomita 20 hupitiwa na magari 10,000 kwa siku na kina ajali 40 kwa mwaka, ilhali kingine cha urefu huohuo hupitiwa na magari 1,000 na kina ajali 10. Cha kwanza kitaongoza orodha, lakini ukigawanya ajali kwa kilomita zilizosafiriwa na magari yote kwa mwaka, kina takriban ajali 0.55 kwa kila kilomita milioni, na cha pili 1.37. Idadi kubwa ina kazi yake, maana huonyesha mahali ambapo fedha za matengenezo zaweza kuokoa wengi; ila haimwelezi msafiri hatari anayoikabili.

Kosa linaloudhi zaidi huja baada ya matengenezo. Ajali za kipande kimoja ni chache, hivyo hupanda na kushuka kwa bahati tu. Kipande kilichochaguliwa kwa kuwa mwaka jana kilikuwa kibaya kupita kawaida yake, huenda mwaka huu kikatulia hata kama hakuna aliyepeleka koleo. Bango huwekwa, ajali hupungua, na bango ndilo husifiwa. Ndiyo sababu wataalamu hutazama kumbukumbu za miaka kadhaa na kuzilinganisha na za barabara zinazofanana na kipande hicho.

Kwenye mteremko mrefu wa Sachangwan hadi Salgaa, katika barabara ya Nakuru–Eldoret nchini Kenya, malori yenye shehena nzito, breki zinazopata moto na madereva wanaoteremka gia ikiwa huru ili kuokoa mafuta vilikuwa hatari hata miezi ambayo hakuna aliyekufa. Mfumo wa kimataifa wa iRAP, unaozipa barabara nyota 1 hadi 5, hukagua barabara yenyewe, yaani kona, mabega, vizuizi vya kati na njia za waenda kwa miguu, bila kungoja maiti.

Anayesema kipande fulani ni salama kwa kuwa mwaka huu hakijaua mtu angesema vyema zaidi kwamba bado hakijaua, kisha aulize ni magari mangapi hupita hapo.