Seva ya X hukaa mezani kwako, siyo Dar es Salaam

"Fundi, kompyuta ya Dar haina skrini. Tuwekee desktopu kamili kule ili QGIS, ile programu ya ramani, ifunguke." Ombi hili nalisikia kila mara hapa Kigoma. Leo analileta mtafiti wa dagaa mwenye data za ziwa, kesho kijana wa takwimu kutoka mradi wa Kasulu, keshokutwa mwanafunzi anayemalizia utafiti wake. Wote wana laptopu za Windows, na wote wamepewa akaunti kwenye mashine kubwa ya Linux iliyo mbali. Kabla ya kunifikia, wengi wameshafuata maelekezo ya mtandaoni yaliyowavurugia mambo zaidi.

Dhana: programu ya kuonyesha madirisha huwekwa kwenye kompyuta ya mbali

Hapana, na hili ndilo linalozaa matatizo mengine karibu yote.

Mfumo wa X, ambao programu za Linux huutumia kuonyesha madirisha kwenye skrini, ulianzia MIT mwaka 1984, na toleo la 11 tunalolitumia hadi leo lilitoka mwaka 1987. Tangu mwanzo ulikusudiwa kwa hali kama yenu: programu ifanye kazi kwenye mashine moja, dirisha lake litokee kwenye mashine nyingine, hata kama mashine hizo hazifanani. QGIS iliyo Dar ndiyo inayoomba: nifungulie dirisha la upana huu, nichoree mstari hapa, nijulishe mtu akibonyeza kitufe. Anayeombwa ni yule mwenye skrini, kibodi na kipanya. Hapa mwenye vitu hivyo ni wewe uliyekaa ofisini Mwanga, hapa Kigoma. Kwa hiyo seva ya X ni ile iliyomo kwenye laptopu yako, na QGIS ya Dar ni mteja wake. Mashine ya Dar inaweza kuwa imefungiwa ndani ya kabati la chuma, haina skrini wala kibodi, na dirisha likafunguka bila shida yoyote.

Ndiyo maana inaniuma kuona mtu amepakia desktopu nzima ya GNOME kwenye seva ya ofisi. Anaongeza mamia ya pakiti za kusasisha, anakula RAM ambayo uchambuzi wake ungeihitaji, kisha anaandika `qgis` na bado anajibiwa `could not connect to display`. Lazima ajibiwe hivyo, kwa sababu hajagusa upande wenye tatizo.

Yanayotakiwa ni machache. Kwenye laptopu ya Windows weka VcXsrv, ambayo ni seva ya X, au MobaXterm ambayo seva ya X imo ndani yake. Kwenye Mac weka XQuartz, nayo ni seva ya X, maana Apple waliacha kuileta X pamoja na mfumo wao mwaka 2012. Kama una Windows 11 na WSL, ile sehemu ya Windows inayoendesha Linux, usipakue chochote: madirisha ya Linux yanafunguka yenyewe, na ukitoa amri ya `ssh`, ya kuingia kwenye mashine ya mbali kwa njia iliyosimbwa, ukiwa ndani ya WSL, ya mbali nayo yanakuja. Mimi humshauri kila mteja mwenye Windows 11 aanzie hapo.

Upande wa mbali hakikisha kipo kifurushi cha `xauth`, kinachoshughulikia ufunguo wa kuifikia skrini yako, na kwenye faili la `/etc/ssh/sshd_config` pawe na mstari `X11Forwarding yes`. Basi. Kisha ingia kwa `ssh -X` na uandike `echo $DISPLAY`. Ukiona `localhost:10.0`, njia imefunguka. Namba hiyo inakuambia kwamba kule mbali imefunguliwa poti 6010, na kila kinachoingia humo kinapita ndani ya SSH, kimesimbwa, mpaka kwenye skrini yako. Ukiona mstari mtupu, usiendelee. Rudi ukague `xauth` na ule mstari wa mipangilio. Wanaotumia PuTTY, programu ya SSH ya Windows, waweke tiki kwenye sehemu ya X11 ndani ya mipangilio ya SSH kabla ya kuunganisha, na VcXsrv iwe imeshawashwa.

Nawasihi jambo moja: acheni kuandika `export DISPLAY=` kwa mkono na kubandika IP ya laptopu. Nyuma ya ruta ya ofisi IP hiyo haifikiki kutoka Dar, na hata ingefikika, kila unachoandika kingesafiri wazi. Mstari huo nimeufuta kwenye `.bashrc` (faili la mipangilio ya akaunti) za watu wengi, na mara nyingi tatizo huisha papo hapo. Pia ukishaingia usijigeuze root, yaani msimamizi mkuu, kwa `sudo su` halafu ufungue dirisha. Ufunguo wa kuifikia skrini yako umo kwenye faili la `.Xauthority` la akaunti uliyoingilia, na root atatafuta la kwake.

Dhana: inakwenda polepole kwa sababu bando ni dogo

Wakati mwingine kweli. Programu nyingi za sasa huchora picha zenyewe na kuzituma zikiwa nzima, na picha moja ya kujaza skrini ya 1920 kwa 1080 bila kubanwa ni zaidi ya megabaiti 8. Hapo `ssh -C` husaidia, maana hubana data kabla ya kuituma.

Lakini menyu inayochelewa kufunguka mara nyingi haisababishwi na bando. Programu huuliza swali, hungoja jibu, ndipo iulize jingine. Tuseme dirisha linahitaji maswali 300 ya kungojea majibu, na kwenda na kurudi ni milisekunde 200, kama ilivyo kwa mashine nyingi zilizokodiwa Ulaya. Hiyo ni dakika nzima, na ukinunua kifurushi cha kasi mara mbili itabaki dakika nzima. Mwanga wenyewe ndani ya mkongo husafiri kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde, na hakuna kampuni ya simu itakayouongezea mwendo. Pima muda huo wa kwenda na kurudi kwa amri ya `ping` kabla ya kutoa hela. Kama majibu yanakawia, kodi mashine iliyo karibu zaidi, au achana na `ssh -X` utumie Xpra au X2Go, ambazo hupunguza safari hizo za kuulizana.

Dhana: nikifunga laptopu, kazi inaendelea kule

Kwa `ssh -X` haiendelei. Mtandao ukikatika, programu inapoteza skrini yake na kufa, pamoja na ramani ambayo hukuihifadhi. Kwa mazingira yetu ya umeme na mtandao, Xpra ingekuwa chaguo la kwanza la kila mtu. Iwekwe pande zote mbili. Programu inabaki hai kwenye skrini ya kufikirika kule mbali. Unajitenga, unakwenda nyumbani, kesho unatoa amri ya `xpra attach` na kuikuta ulipoiacha.

Dhana: ikikataa, andika `xhost +`

Tafadhali msifanye hivyo. Amri hiyo inaondoa ulinzi wote wa seva yako ya X, na kile kisanduku cha VcXsrv kinachozima udhibiti wa ufikiaji kina madhara yaleyale. Yeyote anayeweza kuifikia poti 6000 ya laptopu yako, kwa mfano mgeni kwenye Wi-Fi ya hoteli, anaweza kusoma unachoandika, nywila ikiwemo, na kupiga picha ya skrini yako. Windows ikikuuliza kama VcXsrv iruhusiwe kwenye mitandao ya umma, kataa. Madirisha yanayokuja kwa SSH hutokea ndani ya laptopu yenyewe, kwa hiyo hutapungukiwa na kitu. Na `ssh -Y`, ambayo wengi huitumia kwa mazoea badala ya `ssh -X`, itumie kwa mashine unayomwamini msimamizi wake, kwa sababu inaipa programu ya mbali uhuru uleule.

Dhana: Wayland imekuja, haya yote yamekwisha

Kazi ya Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, ilianza mwaka 2008, na ni kweli yenyewe haitumi madirisha kupitia mtandao. Lakini laptopu yenye Ubuntu mpya inakuja na Xwayland, ambayo hupokea madirisha ya X, kwa hiyo `ssh -X` inafanya kazi kama zamani. Kwa programu za Wayland tupu ipo waypipe, nayo hutumika kwa namna hiyohiyo: `waypipe ssh`, kisha jina la mashine na programu unayoitaka.