Joto kali na ngurumo: aliyechanganyikiwa asiachwe "apumzike kwanza"

Utabiri ukishasema joto litapanda siku hadi siku na jioni kutakuwa na ngurumo na radi, sisi tunaopokea wagonjwa wa dharura tunajua kinachokuja. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa na ndugu wa wagonjwa kila msimu wa joto. Mengi tunaulizwa saa mbili tatu baada ya wakati wake.

Joto likipanda polepole si afadhali, mwili unazoea?

Mwili huzoea, ila huchukua wiki moja hadi mbili, si siku tatu. Usiku usipopoa, moyo unaendelea kufanya kazi ya kuupoza mwili huku umelala, na asubuhi unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Kesho yake unarudi juani. Ufaransa, Agosti 2003, joto la siku mfululizo liliua watu wapatao 15,000, wengi wao wazee, na maelfu walikuwa ndani ya nyumba zao. Kwa hiyo bibi asiyetoka nje naye yumo hatarini. Mwangalieni asubuhi na jioni, na msisubiri aseme ana kiu, maana wazee hawaisikii kiu kama vijana.

Mvua ya radi si itapoza hewa?

Kwa saa chache tu. Kabla haijanyesha hewa hujaa unyevu, fukuto likatanda. Jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza kwa kukauka juu ya ngozi, na kwenye fukuto halikauki, linachuruzika tu. Unapoteza maji na chumvi, na joto limebaki palepale.

Nitatofautishaje uchovu wa joto na kiharusi cha joto?

Tazama akili. Mwenye uchovu wa joto anaumwa kichwa, ana kizunguzungu na kichefuchefu, misuli inambana, lakini anakujibu vizuri. Mtoe juani, mlegeze nguo, anywe maji kidogokidogo. Nusu saa ikipita bila nafuu, hospitali.

Kiharusi cha joto ni joto la mwili kufika nyuzi 40 au zaidi, na ubongo kuvurugika. Anaongea maneno yasiyoshikana, anapepesuka kama mlevi, anagombana bila sababu, anazimia au anapata degedege. Huna kipimajoto? Usipoteze muda kukitafuta.

Si apumzike kwanza kivulini tuone?

Hapana. Aliyechanganyikiwa kwa joto hapumzishwi, anapozwa. Kijana mmoja aliletwa na wenzake wa kazini akiwa bado na buti na koti. Walikuwa wamemlaza chini ya mti tangu saa saba, wakaja saa tisa na nusu. Nilipomfungua kinywa nikakuta kidonge cha paracetamol shavuni, kimelainika nusu, hakuweza hata kukimeza. Saa mbili na nusu hizo ubongo, figo na ini vilikuwa vinaungua, na wenzake waliompenda wamekaa pembeni wakimtazama.

Paracetamol haishushi joto?

Inashusha homa, ambayo ubongo wenyewe umeipandisha. Hili joto limeingia kwa jua na kazi, na dawa hiyo haifanyi kitu hapa zaidi ya kulibebesha mzigo ini lililokwisha kuumia. Aspirini pia usimpe. Na asiyejitambua asinyweshwe chochote, hata maji, yataingia kwenye mapafu.

Lakini bado anatoka jasho, si dalili nzuri?

Si dalili nzuri. Hasa aliyekuwa anafanya kazi au mazoezi anaweza kuwa na kiharusi cha joto huku amelowa chapa. Nakuomba usimsubirishe kwa sababu ya jasho. Akili ikivurugika, anza kumpoza.

Tumpoze au tumkimbize hospitali?

Mmoja apige simu ya dharura, wengine mnampoza hapohapo. Mvueni nguo, aibu mtaishughulikia baadaye. Mwagieni maji mwili mzima, mengi, bila kuacha, na mpepeeni kwa nguvu. Kama kuna beseni kubwa au pipa la maji baridi na mnaweza kumshikilia kichwa kisizame, mtumbukizeni hadi shingoni. Barafu mkiipata, ifungeni kwenye kitambaa muiweke shingoni, kwapani na kwenye kinena. Safarini endeleeni kummwagia. Kitambaa kibichi kimoja kwenye paji la uso, ambacho ndicho tunachokiona kila mara, hakitoshi.

Akizinduka kabisa, bado twende?

Mwende. Figo na misuli huonyesha madhara saa nyingi baadaye, siku ya pili hata ya tatu. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, misuli imeshaanza kuyeyuka.

Na radi? Tukingoja mvua ianze ndipo tuingie ndani?

Ukisikia ngurumo, radi inaweza kukufikia, hata mvua haijakudondokea. Ingia nyumbani au kwenye gari lililofungwa vioo, si chini ya mti, na ukae humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Ni kweli aliyepigwa na radi hashikwi, ana umeme?

Anashikwa! Hana umeme wowote mwilini. Hofu hiyo ndiyo inayomaliza watu, kwa sababu moyo na pumzi yake huenda vimesimama tu, na wengi wanaokandamizwa kifua mapema huweza kurudi. Wakipigwa watu kadhaa, msikimbilie anayelia, huyo anapumua. Nenda kwa aliyelala kimya, weka mikono katikati ya kifua chake, kandamiza kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika, umpulizie pumzi kama unajua namna, na usiache mpaka aanze kupumua mwenyewe au wahudumu wafike.