Mkaja si mahari

"Wamemtajia mahari milioni mbili na nusu." Nikiisikia kauli hiyo huwa naomba kwanza nionyeshwe karatasi. Ukiikunjua unakuta hivi: mahari 1,000,000, mkaja wa mama 500,000, kilemba cha baba 500,000, ubeleko 200,000, wajomba 200,000, kitenge cha bibi na shuka la babu 100,000. Mahari ni mstari wa kwanza peke yake. Mistari mingine yote ni ada. Nimeshalisema hili barazani na ukumbini, na wiki hii limenirudia tena kutoka kwa watu wazima waliooza mabinti wanne watano, basi naliandika.

Nazungumzia posa za Waislamu wa huku pwani, kuanzia Tanga hadi Dar es Salaam na Unguja. Za bara zenye ng'ombe na mbuzi zina hesabu nyingine, kwa sababu kule kinachotolewa huenda kwa ukoo waziwazi na hakuna anayejidanganya kwamba ni cha binti. Fujo inazaliwa huku kwetu, tunapochukua neno la dini na kulitandaza juu ya vitu vya mila.

Mahari ni haki ya anayeolewa. Suratun Nisaa aya ya 4 inaamrisha wapewe wanawake mahari yao, na wao wakipenda wenyewe kumwachia mtu sehemu yake, ni halali kuila. Wakipenda wao. Baba hana fungu humo, mama hana, mjomba hana. Ndiyo maana binti anaweza kutaja msahafu na kitanda, au cherehani, au laki tano, na hakuna mzee mwenye haki ya kumwambia umejishusha.

Mkaja una asili yake. Mwanamke akishajifungua hufungwa kitambaa kirefu tumboni, kinazungushwa kwa kukazwa ili tumbo lirudi. Kitambaa kile ndicho mkaja. Ubeleko ni nguo aliyombebea mtoto mgongoni. Kwa hiyo mwanamume anapoleta mkaja na ubeleko anamwambia mama: najua ulimzaa na ulimbeba. Kilemba ni cha baba, cha kichwani, heshima ya mlezi. Zamani ilikuwa nguo yenyewe, siku hizi ni bahasha. Ni ada nzuri na sitaki ife. Lakini ni shukrani kwa wazazi, haitajwi kwenye akidi, yaani pale ndoa inapofungwa, na haina uhusiano wowote na haki ya binti.

Watu huniambia hayo ni maneno tu, pesa ni ileile. Hapana. Tazama yanayotokea kwenye kikao cha kupunguziana. Upande wa kijana wanaomba: "Wazee wetu, tupunguzieni mahari." Wazee wanashauriana, wanaona ni ungwana kulegeza, na wanakata kwenye mstari ulioandikwa mahari. Milioni inakuwa laki sita. Mkaja umesimama palepale, kilemba kimesimama palepale. Wamekuwa wakarimu kwa mali ya mtu ambaye hata hayumo kikaoni, na fungu lao hawakuligusa. Hili linaniudhi kuliko jambo lolote katika kazi ya ushenga. Ukiwa mzazi na ukaombwa kupunguza, punguza chako. Kilemba unaweza kukifuta chote kwa kalamu moja. Mahari hupunguzi mpaka binti aulizwe na aseme mwenyewe.

Tatizo la pili ni malipo ya kidogokidogo. Kijana analeta 1,500,000 kwenye bahasha moja, watu wanashangilia, vigelegele. Amelipa nini hapo? Hakuna ajuaye. Pesa inaingia kwenye vyakula na turubai, kisha siku ya nikaha shehe anamuuliza binti mahari yake, anataja milioni, anaulizwa kama ameipokea, anamtazama shangazi yake. Dawa yake ni nyepesi: bahasha mbalimbali, kila moja imeandikwa jina lake juu na kiasi ndani. Kama pesa haijatosha yote, ya mahari ijae kwanza. Nayo ihesabiwe mbele ya binti, hata kama atakayeishika ni mama yake.

Hatua za mwanzo nazipitia haraka. Mshenga anapeleka barua ya posa, imeviringwa kwenye kitambaa safi, pamoja na hela ya barua. Maneno ya "tumeona ua bustanini kwenu" ni ya adabu, yaseme au yaache. Barua kupokelewa si posa kukubaliwa. Wenyewe watamuuliza binti, watauliza habari za kijana, na majibu yatakuja baada ya wiki moja au mbili pamoja na ile orodha. Hela ya barua hairudi hata jibu likiwa hapana. Kishika uchumba, pete au pesa, huja baada ya jibu la ndiyo, na tangu hapo mwanamume mwingine haruhusiwi kuposa juu ya posa ya nduguye. Kipa mkono, kifungua mlango na kiosha miguu ni vya siku ya harusi, visiingizwe kwenye orodha ya posa ili kuivimbisha.

Sasa uchumba unapovunjika. Hapa ndipo neno moja kubeba vitu sita linapozaa ugomvi wa miaka. Wapo wanaoshika kwamba binti anabaki na nusu. Wameisikia nusu hiyo kwenye Suratul Baqara aya ya 237, na aya ile inamzungumzia aliyeachwa baada ya akidi kabla ya kuingiliwa. Mchumba hajafungiwa akidi. Mahari yaliyotangulia kabla ya akidi yanarudi yote, shilingi kwa shilingi, bila kuangalia nani amemkosea nani, kwa sababu kilichokuwa kikilipiwa hakijatokea.

Zawadi ndizo zenye utata: simu, mkufu, vitenge vya sikukuu. Wanazuoni wamegawanyika. Wapo wanaotazama kama kitu bado kipo mkononi au kimekwisha kutumika, wapo wanaotazama nani aliyeuvunja uchumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara na si Unguja, kifungu cha 71, ina kipimo chake: zawadi inaweza kudaiwa mahakamani ikiwa aliyeitoa aliitoa kwa nia kwamba ni kwa sharti la ndoa kufungwa. Mkufu wa uchumba una nafasi hapo, chipsi za Jumamosi hazina. Kifungu cha 69 kinaruhusu aliyevunjiwa ahadi adai fidia ya hasara yake, lakini ndani ya mwaka mmoja, na hakuna mahakama itakayomlazimisha mtu aoe au aolewe. Kenya nao, kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, ahadi ya ndoa haimfungi mtu, ila hasara inaweza kulipwa. Na tafadhali msiniletee ile hukumu ya Mahakama ya Juu ya Uganda ya 2015. Ile ilikataza kudai mahari yarudishwe baada ya ndoa ya kimila kuvunjika. Uchumba haumo.

Na mkaja na kilemba, je, vinarudi? Mimi nashauri virudi, kwa kuwa mzazi alishukuriwa kwa kuoza na hakuoza. Lakini nakiri kwamba moyo wangu hautulii sana kwenye ushauri huo, maana aliyetoa shukrani kwa malezi, malezi yalikwisha kufanyika. Familia mbili zenye busara zinaweza kufika kwenye majibu mawili, na zote zikawa na hoja. Ndiyo sababu nasisitiza liandikwe mapema, wakati watu bado wanacheka pamoja.

Kuna shaka nyingine kubwa zaidi, ambayo washenga wengi hatuisemi mbele za watu. Mzazi anaposema "bila mkaja hakuna ndoa," je, hiyo bado ni shukrani? Kwa Mashafi, na wengi wetu pwani ndio madhehebu yetu, walii, yaani mzazi au ndugu anayemwoza binti, akijiwekea sharti la fungu lake ndani ya mahari, mahari yale yaliyotajwa yanaharibika, na binti anastahili mahari ya mfano, yaani wanayopewa wanawake wa hali yake katika jamaa zake. Nimeona watu wakilikwepa hili kwa kubadilisha jina la bahasha tu, na sioni kama jina linaponya. Ninachofanya ni kuuliza waziwazi kikaoni: kijana asipoweza mkaja, mtamwoza au hamtamwoza? Wakijibu tutamwoza, naandika "ada, kwa hiari." Wakisita, tunaendelea kukaa.

Wala msiogope kwamba ada ikipungua ndoa inatetereka. Kifungu cha 41 cha ile Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara kinasema kutotimiza mila ya mahari au zawadi hakuibatilishi ndoa iliyokamilika kwa mengine. Na kwa dini, hata mahari yakisahaulika kutajwa akidi ni sahihi, binti atapata ya mfano.

Karatasi yenyewe iwe nakala mbili, moja kila upande, na isainiwe na mshenga na shahidi wa kila familia. Juu kabisa: mahari, na jina kamili la binti kama mpokeaji. Chini ya mstari, ada, kila moja na mwenyewe. Pembeni, kirudicho na kisichorudi. Kisha sehemu ambayo karibu kila karatasi ninayoonyeshwa haina: mahari taslimu kiasi gani, na ya baki kiasi gani. Kuandika "mahari 1,000,000" wakati kijana ametoa 400,000 ni kumpokonya binti 600,000. Baki ni deni juu ya mume. Akifa nalo, linatolewa kwenye mali yake pamoja na madeni mengine kabla warithi hawajagawana chochote, na mjane anadai haki hiyo mbali na fungu lake la mirathi. Andikeni baki kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe ya siku hiyo.