Mwanafunzi Mwenye Mahitaji Maalumu Anaposoma kwa Masafa

Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, walimu wengi walipiga picha kurasa za kitabu na kuzituma kwa simu. Kwa mwanafunzi asiyeona, picha hiyo ni sawa na ukurasa mtupu. Programu inayomsomea skrini kwa kawaida husoma herufi zilizochapwa, na ikikutana na picha isiyo na maelezo hutamka tu "picha". Mwalimu akiuchapa ukurasa huo na kueleza kila mchoro kwa sentensi moja au mbili, somo linasomeka. Anayesoma kwa nukta nundu, yaani maandishi ya kupapasa kwa vidole, bado anahitaji karatasi zake mkononi, hasa za hisabati, na zimfikie kabla ya kipindi.

Mwanafunzi kiziwi hukwazwa na jambo dogo zaidi: mwanga. Mwalimu akikaa dirisha likiwa nyuma yake, uso wake unakuwa giza, na katika lugha ya alama uso ni sehemu ya sarufi. Katika lugha nyingi za alama, nyusi zikiinuka, kauli inageuka swali. Mkalimani naye asibanwe kwenye kidirisha cha pembeni. Mikono yake yote ionekane. Redio, inayosifiwa kwamba inafika kila mahali, kwa mwanafunzi kiziwi haifiki.

Penye ulemavu wa akili au usonji (autizimu), vifaa vifikiriwe mwisho. Anza na mpango binafsi wa mwanafunzi, chagua malengo mawili au matatu yanayofundishika nyumbani, mengine yasubiri. Chukua kunawa mikono: kufungua maji, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza, kufuta. Mzazi amsaidie mtoto hatua zote isipokuwa ya mwisho, hiyo aifanye mwenyewe. Akishaimudu, aachiwe mbili za mwisho, kisha tatu. Kwa njia hii kila zoezi huishia kwenye kitu alichokiweza. Mwenye usonji awekewe ratiba ya picha, na ikibadilika aambiwe mapema.

Haya yote yanamwelemea mzazi, na hapo ndipo mipango mingi hukwama. Mwalimu apige simu siku inayojulikana, asikilize, apunguze kazi bila kulaumu. Maelekezo mafupi ya sauti humfaa mzazi asiyejua kusoma.

Mtoto kiziwi asiyeona hujifunza kwa kugusa. Hakuna skrini itakayoshika nafasi ya mikono ya mwalimu, kwa hiyo nyumba yake iwe ya kwanza kwenye ratiba ya kutembelewa.