“Fedha Zikija Tutaweka Mifumo”: Dhana Potofu Kuhusu Utayari wa Kuomba Ruzuku

Dhana: Tupate ruzuku kwanza, mifumo ya fedha itafuata.

Kauli hii husikika karibu kila shirika changa linapotafuta mtu wa kuliandikia andiko la mradi, na ndiyo inayoyaangusha mengi. Zipo ruzuku chache za kujenga uwezo, na hutangazwa hivyo waziwazi. Nyingine zote hupewa aliyekwisha kuonyesha kwamba hata kidogo alicho nacho anakitunza.

Andiko likipita mchujo wa kwanza, huanza uhakiki wa shirika lenyewe: cheti cha usajili, katiba, orodha ya bodi na mihtasari ya vikao vyake, taarifa za benki, na hesabu zilizokaguliwa, mara nyingi za miaka 2 au 3. Utapewa siku chache kuziwasilisha. Hesabu za miaka 3 haziandaliwi kwa wiki 2, na hapo andiko zuri hufia mezani.

Jipimeni hivi. Chukueni taarifa ya benki ya miezi 3 iliyopita, mchague malipo 5 bila kubagua. Kwa kila moja itafutwe hati ya malipo yenye namba, ombi lililoambatishwa, idhini ya mtu ambaye si yule aliyeomba, risiti au ankara, na mstari wake kwenye daftari la fedha. Tuseme malipo moja ni nauli za washiriki wa semina. Hapo inatakiwa iwepo orodha ya mahudhurio ya siku ile ile, na orodha ya malipo yenye jina, kiasi na saini ya kila mmoja. Waliohudhuria wakiwa 28 na waliolipwa 31, mkaguzi atawauliza hao 3 ni akina nani. Jibu likikosekana, fedha yao inahesabiwa kuwa gharama isiyokubalika, na shirika litairudisha kwa fedha zake lenyewe. Karatasi za malipo yote 5 zikipatikana ndani ya nusu saa, mko vizuri. Mkianza kumpigia simu mhasibu aliyeacha kazi, bado.

Angalieni pia masurufu, yaani fedha anazotangulizwa mfanyakazi kwa kazi au safari. Mfanyakazi aliyechukua fedha za safari miezi 4 iliyopita na hajarejesha hesabu, halafu akapewa nyingine juu yake, ni dalili mbaya kuliko salio dogo benki.

Usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha daftari lenu na taarifa ya benki, ufanywe kila mwezi, na anayeuandaa asiwe ndiye anayeuidhinisha. Mkiwa watu 3 tu ofisini, mhazini wa bodi apitie na kusaini. Hilo halihitaji ruzuku, wala programu ya kompyuta ya kununua: jedwali lenye tarehe, namba ya hati, maelezo, kilichoingia, kilichotoka na salio linatosha kwa kuanzia. Na mwenyekiti, mhazini na mkurugenzi wakiwa ndugu wa nyumba moja, msitarajie mfadhili aiite hiyo bodi. Ushauri ninaourudia kila siku ni huu: kabla ya kugusa andiko, bodi ikae kikao kimoja chenye ajenda moja tu, bajeti ya mwaka mzima ya shirika, na muhtasari wake usainiwe.

Dhana: Ruzuku ni fedha za bure.

Ni fedha za mkataba. Baadhi ya ruzuku hulipwa baada ya wewe kutumia na kuwasilisha vielelezo. Nyingine huja kwa awamu, na awamu ya pili haitoki mpaka ripoti ya kwanza ikubaliwe. Ripoti ikikaa miezi 2 kwa mfadhili, mishahara ya miezi hiyo italipwa na nini? Jibu liwe kwenye mchanganuo wenu wa mtiririko wa fedha, mwezi kwa mwezi, kabla hamjasaini.

Dhana: Ukiomba gharama za ofisi utaonekana mlafi.

Si kweli, na dhana hii inaumiza, kwa sababu shirika hutekeleza mradi huku likifilisika taratibu. Wafadhili wengi wana viwango vya gharama hizo vilivyoandikwa. Miradi ya misaada ya nje ya Umoja wa Ulaya huruhusu hadi 7% ya gharama za moja kwa moja zinazokubalika, yaani zile za mradi wenyewe. Horizon Europe, mpango wake wa utafiti, hutoa 25%, ukiondoa baadhi ya gharama kama kandarasi ndogo, yaani kazi mnazowapa wengine wazifanye. Katika ruzuku za serikali kuu ya Marekani, asiye na kiwango alichokubaliana na serikali hiyo alikuwa akiruhusiwa 10%. Tangu 1 Oktoba 2024 ni hadi 15%. Someni mwongozo wa mfadhili, muombe kinachoruhusiwa. Muda wa mhasibu unaotumika kwenye mradi nao unaweza kuingia kama gharama ya moja kwa moja, ilimradi mfadhili anaruhusu, jedwali la muda linajazwa, na hamuudai tena ndani ya asilimia hiyo.

Dhana: Ruzuku itatulipia madeni.

Hapana. Madeni hayalipwi, na gharama za kabla ya tarehe ya kuanza mkataba kwa kawaida hazikubaliki.

Dhana: Tukituma kwa wafadhili 20, mmoja atakubali.

Andiko lililonakiliwa hujulikana kwenye ukurasa wa kwanza, hasa jina la mfadhili mwingine likisahaulika ndani yake. Chagueni 2 au 3 ambao eneo lao la kazi, walengwa na ukubwa wa ruzuku vinalingana na nyinyi. Shirika lililotumia fedha kidogo mwaka jana halafu likaomba mara 30 ya kiasi hicho huzua swali moja: nani atazisimamia?

Dhana: Hali ni ngumu, kwa hiyo huu ndio wakati wa kuomba.

Kutoka tangazo hadi awamu ya kwanza kuingia benki, miezi 6 hata 12 ni kawaida. Ambaye akiba yake inaisha baada ya miezi 3 akatafute michango ya wanachama, apunguze shughuli, azungumze na anaowadai na wanaomdai.