Nchi isiyokuwa na dini, shahidi mwenye dini

Kila mwaka nikifika Ibara ya 3 ya Katiba darasa huchangamka. Nasoma kwamba Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ni nchi "isiyokuwa na dini", na safari hii kijana wa nyuma akadakia: "Mwalimu, mbona Bunge hapo mjini Dodoma linaanza kwa dua?"

Ana haki. Fungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ya kikao chochote, mwanzoni kabisa utaona neno DUA na cheo cha aliyeisoma. Idd zote mbili tunapumzika, Krismasi pia. Kinachotuponza ni maneno yenyewe: kwetu mtu "asiye na dini" ni wa kutiliwa shaka, basi tunadhani na nchi ni vivyo hivyo. Lakini Ibara ya 19 imefafanua: kutangaza dini ni hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Askofu hateuliwi na Ikulu. Basi.

Na wenzetu? Ufaransa ilitenganisha dola na dini kwa sheria ya 1905, na mwaka 2004 ikapiga marufuku hijabu na misalaba mikubwa katika shule za serikali. Ila nenda Strasbourg, mashariki mwa nchi hiyo: padri analipwa na serikali hadi leo, kwa sababu mwaka 1905 eneo lile lilikuwa la Wajerumani. Uturuki nayo katiba yake haina dini, lakini imamu ni mtumishi wa umma chini ya idara iliyoanzishwa mwaka 1924. Uingereza ina kanisa rasmi kabisa, maaskofu 26 wamekaa bungeni, na Jumapili viti vingi kanisani vitupu. Ndiyo maana siamini mtu anayeniambia kuna namna moja tu ya kutenganisha.

Sisi namna yetu iko kwenye makaratasi. Sensa haijauliza dini tangu 1967, jambo ninaloliunga mkono. Mahakamani, hata hivyo, shahidi huulizwa jina, umri, kazi na dini kabla ya lolote, kwa kuwa Mkristo anaapa na Mwislamu anathibitisha, yaani anaahidi kusema kweli bila kula kiapo.

Niliwahi kukaa kwenye benchi la mahakama moja ya wilaya mkoani hapa. Akapanda kizimbani mzee wa Kigogo, fimbo mkononi.

"Dini yako, mzee?"

"Namwomba Mulungu mvua, kama baba yangu."

"Mkristo au Mwislamu?"

"Nimekwambia, mwanangu."

Karani alimtazama hakimu, hakimu akatazama jalada lake. Kwa sheria hapakuwa na tatizo lolote, mzee angethibitisha tu kama wengine wasioapa. Alithibitisha, kwa sauti ya kusikika hadi nje. Kwenye mstari wa dini wakaandika "mpagani".