Upanga wa kuku ukififia, enzaimu si dawa

Wiki hii mfugaji wa tatu, huyu wa Kisauni, ameniletea malalamiko yale yale: "Daktari, siku ya nne leo nawatilia kuku enzaimu kwenye chakula na damu haiongezeki." Kaambiwa dukani kwamba enzaimu huongeza damu. Nimechoka kulisikia neno hili, maana kuku wanakufa kwa ajili yake.

Enzaimu ya chakula kazi yake iko utumboni. Zilanasi hukata nyuzinyuzi za pumba, faitasi huimegua faiteti, ile kemikali ya nafaka inayoishika fosforasi, iiachie. Yenyewe ni protini, kwa hiyo nayo humeng'enywa au hutoka na mavi. Haifiki kwenye uboho kuunda damu.

Uhusiano upo, ila mwembamba: faiteti hushika chuma na zinki pia, na ikivunjwa kuku hufaidika kidogo. Zipo tafiti zilizoona hemoglobini ikipanda, na zipo zisizoona tofauti yoyote. Mimi siwezi kumwapia mfugaji, hasa kama premiksi yake, ule mchanganyiko wa vitamini na madini, tayari ina chuma cha kutosha.

Kinachonikera zaidi ni kile kipimo chenyewe cha damu. Kuku mwenye afya, chembe nyekundu huwa kama asilimia 22 hadi 35 ya damu yake. Mtu akiona 38 hushangilia. Februari moja nilipima broila wa Likoni, 38 kamili. Damu ilipanda kwenye mrija kwa kujikokota, nzito kama shira. Mwenyewe akasema, "Si umeona, enzaimu imefanya kazi!" Nikamshika mkono tukaenda bandani. Tangi lilikuwa juani juu ya mabati, maji ya moto huwezi kutia kidole, kuku wanahema midomo wazi wala hawanywi. Damu haikuongezeka hata tone. Maji yake ndiyo yalipungua. Tulihamisha tangi kivulini, tukatia barafu asubuhi na mchana. Kesho yake nikapima tena: 29. Hiyo 29 ndiyo iliyonifurahisha.

Basi huyu wa Kisauni nikampasulia kuku mmoja aliyekufa usiku. Vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo vilikuwa vimevimba, vimejaa damu iliyoganda. Koksidia, vimelea vya utumbo vinavyostawi penye majimaji. Damu aliyoitafuta kwenye pakiti ilikuwa ikimwagika humo humo ndani, na maranda chini ya vyombo vya maji yalikuwa chapachapa. Jioni ile ile tukaanza dawa yake, amproliamu, kwenye maji, tukazoa maranda yote mabichi.